Tuuze au tuzuie? Usajili wa Coastal Union na presha ya kila Juni

Ukitaka kujua shabiki wa Tanga anasimama upande gani katika ubishi wa usajili, mtajie dirisha kubwa la mwaka 2020. Coastal Union, klabu ya soka ya mji huo, ilimpoteza nahodha wake, beki wa kati Bakari Mwamnyeto, aliyekwenda Yanga. Beki mwenzake Ibrahim Ame akachukuliwa na Simba. Mshambuliaji Ayoub Lyanga akahamia Azam. Klabu tatu kubwa zilikuja nyumba moja, kila moja ikaondoka na chake, na ukuta wa timu ukabomolewa katikati. Msimu uliofuata, wa 2020/21, Wagosi wa Kaya, kama tunavyoiita Coastal, walijikuta kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza, wakipigania kutoshuka daraja. Walinusurika, lakini aliyekuwapo kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani siku zile anajua tulivyoponea chupuchupu.

Tangu hapo kambi mbili hazijapatana. Moja inasema klabu isiuze tena vijana wake kwa timu za Kariakoo (Simba na Yanga) wala Chamazi (Azam) mpaka ijenge kikosi cha kushindana. Nyingine inasema klabu ya ukubwa wetu inaishi kwa kuuza, na anayezuia anaota. Mimi naona kambi zote mbili zina hoja, na zote mbili zinagombania swali ambalo jibu lake huwa limeshatolewa mapema zaidi, siku mchezaji alipowekewa karatasi ya mkataba mbele yake.

Nianze na wanaosema tusiuze, maana kijiweni mara nyingi hubezwa kuwa ni watu wa hisia tu. Si kweli. Hoja yao ina kumbukumbu ndani yake. Timu hii ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988. Halafu mwaka 2016 mkoa mzima ulishushwa kwa mpigo: Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, zilimaliza msimu wa 2015/16 kwenye nafasi za kushuka. Ilibidi kusubiri hadi 2018 ndipo Coastal irudi. Mtu aliyepitia hayo akikwambia anaogopa kuona mabeki wawili wakiondoka pamoja, usimcheke. Anajua kushuka daraja kunagharimu kuliko ada yoyote ya uhamisho: wadhamini wanakimbia, fungu la televisheni linapotea, na vijana wazuri wa mtaani wanaanza kutazama basi la Dar es Salaam.

Wana hoja nyingine pia, ambayo nadhani ndiyo yenye nguvu zaidi. Ukimuuzia mpinzani wako wa ligi hiyo hiyo, humpunguzii yeye kitu, unamwongezea. Mchezaji akienda Ubelgiji au Afrika Kusini, hutakutana naye mwezi wa kumi akikuzuia usifunge bao. Isitoshe, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, hata baada ya miaka kadhaa, klabu ya zamani ina fungu lake. Uhamisho wa kutoka Tanga kwenda Dar hauna utaratibu huo wa moja kwa moja. Usipoandika mwenyewe kwenye mkataba wa mauzo kwamba unataka asilimia ya mauzo yajayo, umeshaaga.

Sasa wanaosema tuuze. Hawa huanza na mapato, na hapo ni vigumu kuwapinga. Mkwakwani hujaa Simba au Yanga wakija, na tuseme ukweli, siku hiyo nusu ya jukwaa linashangilia wageni. Mechi nyingine zote kiingilio ni cha kugharamia maji na usafi. Ule mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umesaidia sana, lakini unagawanywa kwa klabu zote na kwa miaka yote hiyo. Msimu wa 2024/25, timu ilipolazimika kupeleka mechi za nyumbani mpaka Arusha, hata hicho kiingilio kidogo kikawa cha kuhesabu kwa vidole. Timu inayolipia usafiri ili icheze nyumbani itamkatalia vipi mnunuzi?

Na yupo mchezaji mwenyewe. Tunapobishana kijiweni tunamsahau, kana kwamba ni mali ya mkoa. Mwamnyeto alipokwenda Jangwani, kwa Yanga, alikuwa nahodha wa timu ya katikati ya jedwali. Huko alipewa kitambaa cha unahodha, akabeba mataji ya ligi na akafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger. Nani angemwambia abaki kwa ajili ya heshima ya Wagosi? Ni kweli kwamba Ame, aliyeondoka dirisha lile lile, hakuwa beki wa kudumu pale Msimbazi, kwa Simba, na wapo wanaomtumia kama onyo kwa vijana. Lakini hatari hiyo ni ya mchezaji kuibeba. Si kazi ya klabu kumlinda mtu dhidi ya bahati yake.

Hapo ndipo kambi hizi mbili huishia, kila moja na mfano wake. Ninachoona kinakosekana ni hesabu ya muda.

Kanuni inamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo kwenye mkataba kusaini makubaliano na klabu nyingine, kisha aondoke bure mkataba ukiisha. Kwa hiyo kijana ambaye mkataba wake unaisha Juni, kufikia Januari tayari ni mtu huru nusu. Akibakiza miaka miwili, mnunuzi huja ofisini kwako. Akibakiza miezi mitano, mnunuzi huenda moja kwa moja kwa meneja wake, na wewe utasoma habari mtandaoni kama sisi wengine. Kelele zetu za Juni, za kuuza au kutouza, huja wakati mambo yameshaamuliwa. Swali lilipaswa kuulizwa miezi 18 kabla: kwa nini beki huyu anayecheza kila mechi hajaongezewa mkataba?

Chukua suala la Abdul Suleiman, Sopu. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Julai 2022, Arusha. Coastal na Yanga walitoka 3-3, mabao yote matatu ya Coastal akayafunga yeye, tukaja kufa kwa penalti. Kabla jasho halijakauka akawa mchezaji wa Azam. Mji ulifura. Mtu anaifunga Yanga mabao matatu kwenye fainali halafu hamwezi kumshika hata msimu mmoja?

Mimi nilikuwa na bado nina maoni tofauti. Kama kuna siku ya kumuuza mshambuliaji, ni baada ya fainali kama ile. Thamani yake haikuwahi kuwa juu hivyo, na mshambuliaji kijana ni bidhaa ya hatari: goti moja, msimu mmoja wa ukame, na dau linashuka hadi nusu. Kosa la mwaka ule nalitafuta kwingine. Mwezi Septemba, ligi ikiwa imeshaanza, kocha Juma Mgunda naye akaenda Simba. Mtoto wa klabu, mchezaji wake wa zamani, mtu aliyekijua kikosi kuanzia kipa hadi mbeba mipira. Timu ikaingia msimu wa 2022/23 bila mfungaji wake na bila aliyekuwa anampanga, ikaishia kuhangaika. Watu wanahesabu usajili kwa wachezaji tu na kumsahau kocha. Kumpoteza kocha Septemba kunaumiza kuliko kumpoteza straika Julai, maana straika una wiki kadhaa za kumtafutia mbadala na dirisha likiwa wazi.

Kisha likaja suala la Lameck Lawi, na hilo liliziumbua kambi zote mbili.

Coastal ilikuwa imetoka kumaliza msimu wa 2023/24 katika nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Lawi ndiye aliyekuwa nguzo ya ulinzi, kijana, mrefu, anayecheza mpira kwa utulivu. Simba ikamtambulisha. Coastal ikatoka na kusema masharti ya malipo hayakutimizwa kwa wakati, hivyo hakuna biashara. Simba ikashikilia kuwa ni mchezaji wake. Jambo likafika kwenye kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji, kijana akaenda Ubelgiji kujaribiwa na Gent, na mwishowe akarudi kuvaa jezi ya Coastal.

Wasiotaka kuuza wakashangilia: kumbe inawezekana kuwakatalia wakubwa! Ila tazama kilichofuata. Kwenye Ngao ya Jamii, mashindano ya kufungua msimu, tulipigwa 5-2 na Azam. Barani Afrika tukatolewa raundi ya awali na Bravos do Maquis ya Angola. Kocha David Ouma akaondoka msimu ukiwa bado mchanga, na nne bora hatukuiona tena. Kumshika beki mmoja hakukuokoa msimu, na mwaka 2025 akaondoka hata hivyo, safari hii kwenda Azam.

Wanaotaka kuuza nao wasijipongeze haraka. Hata wakisema bora zingechukuliwa pesa mapema, klabu ndogo inayofumbia macho tarehe ya malipo kwa sababu mnunuzi ni mkubwa, itafumbia macho kila mwaka. Sijui ni dirisha gani limewahi kupita bila klabu fulani kulalamika kwamba mchezaji ameondoka na awamu ya pili ya malipo haijaonekana. Kwa msimamo ule peke yake, bila kujali nani alikuwa na haki kwenye karatasi, uongozi ulifanya jambo la maana: ulionyesha kwamba tarehe kwenye mkataba wa Coastal ni tarehe.

Upande wa wanaoingia nitapita haraka, maana huko ndiko tunakodanganyika kirahisi. Kila mwaka tunatambulishiwa sura kumi, kumi na mbili, na kila mwaka nusu yao hatuwakumbuki ifikapo Machi. Wachezaji wa mkopo kutoka timu kubwa ni afueni ya mishahara, lakini mara nyingi mikataba yao inawazuia kucheza dhidi ya waajiri wao, yaani katika mechi ambazo ungewahitaji zaidi. Unamkuza mtoto wa jirani, akipona anarudi kwao. Wageni kanuni inaruhusu 12. Sisi hatuhitaji hata nusu yao kama tutapata mmoja wa aina ya Ley Matampi, kipa wa Kikongo aliyecheza mechi 15 za msimu wa 2023/24 bila kuruhusu bao na kuibuka kipa bora wa ligi. Nafasi ile ya nne, kwa maoni yangu, ni kazi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. (Na ndiyo, tuliwahi kumsajili Alikiba mwaka 2018. Waliocheka walicheka, ila timu iliyotoka kurudi Ligi Kuu ilizungumzwa nchi nzima bila kulipia tangazo. Kama usajili wa kuuza jina ulikuwa na akili. Kama usajili wa mpira, tuache.)

Kwa hiyo msimamo wangu ni kuuza, lakini mmoja kwa dirisha kutoka safu moja, akiwa bado na mwaka mzima au zaidi kwenye mkataba, na asilimia ya mauzo yajayo ikiwa imeandikwa. Mwaka 2020 tungemwachia Mwamnyeto na kumshika Ame kwa msimu mmoja tu, sidhani kama tungeonana na Pamba.

Najua pingamizi, na ni zito. Mikataba mirefu inataka mishahara inayolipwa. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba akidai mishahara ya miezi miwili, baada ya kumpa mwajiri notisi ya siku 15. Ukimfunga kijana miaka minne halafu ukashindwa kumlipa, atatoka bure, atakushitaki, na unaweza kufungiwa kusajili. Kwa klabu iliyowahi kucheza mechi za nyumbani Arusha hilo si jambo la kinadharia. Ndiyo maana siwezi kusema kila mtu apewe mkataba mrefu. Wachaguliwe watatu au wanne walio chini ya miaka 23, beki wa kati mmoja wao, mishahara yao itengwe kwanza kabla ya kumtafuta mgeni wa saba. Waliobaki wawe wa mwaka mmoja mmoja, wenye hamu ya kujionyesha.

Dirisha lijalo likifunguliwa, ukurasa wa klabu ukaweka picha ya mchezaji ameshika kalamu, sitauliza anatoka wapi wala amefunga mangapi. Nitasoma maandishi madogo ya chini nijue amesaini hadi mwaka gani. Na yakitoka majina ya wanaoondoka, nitatazama kama mabeki wa kati wamo wote wawili.