Nilibeba Taulo kwenda Mwaka Kogwa

Mimi nikisikia neno mapumziko najua maana yake: mkeka, kivuli cha mwembe, redio, na mtu asiniulize kitu. Mama watoto ana kamusi yake. Kwake mapumziko ni kuamka saa kumi alfajiri, kuvaa viatu vinavyobana, kwenda kuangalia ukuta uliobomoka kabla babu yako hajazaliwa, kisha kupigwa picha mbele yake umenuna. Eti utalii wa ndani. Nikamwambia ndani niko siku zote, na hapa sebuleni si ndani?

Hakucheka. Kibubu ameshakipasua, na ratiba ameiandika nyuma ya kalenda ya duka la vipuri: Jumamosi Bagamoyo, wiki ya pili Mji Mkongwe, halafu Makunduchi, Unguja, kwa kaka yake, kwenye sherehe za Mwaka Kogwa. Nilipofika kwenye "kaka yake" nikaacha kubisha. Huyo shemeji yangu, miaka mitatu iliyopita, alikuja mjini na biashara zake za karafuu, akapanga chumba Mbagala, joto la Februari likamkuta. Akaja kwangu Tandika kuazima feni ya mezani. "Siku mbili tu, shemeji." Feni ikavuka bahari. Hizo siku mbili bado tunazihesabu.

Nikasema haya, twendeni tukatalii.

Kosta za Bagamoyo zinaanzia stendi ya Makumbusho. Tuliposhuka pale nikawaambia wanangu: mmeona? Makumbusho ndiyo haya, pigeni picha turudi. Aliyecheka ni konda peke yake, na bado akanitoza nauli ya begi. Nikawekwa juu ya injini. Bagamoyo si mbali, kama kilomita 75, lakini foleni ya Tegeta haijui kilomita. Tulipofika nilikuwa nimeiva upande mmoja kama chapati iliyosahaulika.

Mtembezaji akatupokea kwenye misheni ya wamisionari Wakatoliki, ile iliyoanza mwaka 1868, akatusimamisha kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapa, akasema, ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Alifariki mwaka uliotangulia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake, wakina Chuma na Susi, wakauzika moyo wake kulekule, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani. Karibu miezi tisa! Nikamgeukia mwanangu wa kiume, ambaye nikimtuma chumvi dukani ananiuliza "niende na nani?". Na yeye akanigeukia mimi, ambaye saa moja nyuma nilimwambia konda anipe fidia ya makalio. Tukasameheana kimyakimya.

Pale misheni kuna mbuyu. Ndani ya shina lake kinachungulia kipande cha mnyororo, pingili mbili tatu hivi, nyingine zimeshamezwa. Inasimuliwa kuwa mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga hapo punda wake. Mama akaondoka, punda akaondoka, mnyororo ukabaki, mti ukanenepa juu yake. Wenzangu wakasema maajabu ya Mungu. Mimi nikakaa pale muda mrefu kuliko wote. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Kitu chako kikikaa kwa watu sana, kwanza kinaegemea, halafu kinazoea, mwisho kinamezwa, na ukija kukidai unaambiwa huo ni urithi wa taifa.

Nikauliza swali moja tu siku ile. Kama Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, ilikuwaje wakahama? Mtembezaji akasema bahari ya hapa ni ya kina kifupi, meli kubwa zinashindwa kukaribia, wakahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Basi. Tangu mwaka huo watu wanahamia tu, hakuna aliyewaambia waache. Nilikuwa sijui foleni ya Tegeta ilianza lini, sasa nina tarehe.

Kaole ni mwendo wa bodaboda kutoka mjini. Magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe, mengine yana nguzo ndefu zilizokuwa zimepambwa kwa vyombo vya Kichina. Vimebaki vishimo. Marehemu amelala na sahani zake za heshima, mtu amekuja kuzibandua! Nikajisikia si peke yangu.

Nako kuna mbuyu. Safari hii tukaambiwa ukiuzunguka unaongeza umri. Nikasema asante, sihitaji, kila mwaka unaoongezeka una miezi kumi na miwili ya kodi ya nyumba. Nikakaa kwenye jiwe. Mama watoto akazunguka mara moja, mara mbili, akafika saba, anahesabu kwa sauti. Hapo akili ikaanza kunicheza. Huyu ana miaka saba ya ziada, mimi sina hata mmoja. Nitatangulia. Eda itaisha. Ni nani yule fundi seremala wa mtaa wa pili anayependa kumsalimia kwa kirefu? Miaka saba atakaa kwenye kochi langu, anaangalia mpira kwenye televisheni yangu! Nikavua viatu nikazunguka mara nane. Magoti yananiuma mpaka leo, lakini hesabu iko sawa.

Ya boti sitaki kuyasimulia. Ni kama saa mbili tu. Nilianza na mfuko mmoja wa plastiki, nikamaliza na wa jirani.

Sasa, kuhusu Mji Mkongwe mimi nilishaonywa na kila mtu: angalia mapapasi. Watakufuata, watakushika mkono, watakuuzia safari ya kasa, picha za tingatinga, kofia, vanila, wengine watakwambia wanamjua mama yako. Nikajiandaa. Nikajifunza na namna ya kukataa kwa heshima. Nikashuka bandarini kifua mbele, nikapita katikati yao, na wallahi hakuna hata mmoja aliyenitazama. Mmoja akanisogeza kwa bega ili amfikie Mtaliano nyuma yangu. Nikarudi nikapita tena, polepole. Hakuna. Sikutaka kununua vanila, lakini mtu si huwa anaulizwa? Mwisho mmoja akanijia, moyo ukafurahi. Akaniuliza kama nina chenji ya elfu kumi.

Kibaya zaidi ni yaliyofuata. Mama watoto na watoto waliingia duka la vikoi, mimi nikatoka nje kupunga upepo, nikapiga hatua tano, kugeuka duka silioni. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa na watu waliokuwa wanajificha jua, na wamefaulu kuficha kila kitu. Wakati natafuta njia nikasikia miguu nyuma yangu. Wazungu wawili, mume na mke, watu wazima. Nikikata kushoto, wanakata kushoto. Nikisimama, wanasimama na kutoa kamera. Walikuwa wamepotea kama mimi, wakaona Mswahili wa makamo, kofia ya kiua kichwani, anatembea kwa haraka. Wakaamua huyu anajua.

Tukatokea kwenye mlango mkubwa wa kuchonga, wenye misumari ya shaba iliyotokeza kama maembe madogo. Nikaona niwape heshima yao. Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikawaambia: misumari ni ya kuzuia tembo. Mwanamume akatazama kichochoro, ambacho mimi mwenyewe nimepita kwa ubavu, akaniuliza tembo gani. Nikamwambia wa India, maana mtindo wenyewe ulitoka huko. Akaandika. Tukaendelea, kushoto, kulia, kushoto, tukatokea kwenye mlango. Uleule. Nikawaonyesha mnyororo uliochongwa pembeni ya fremu: huu wanasema unafunga mabaya nje. Wakafurahi. Tukazunguka tena robo saa, na mlango huo hapo tena, na mzee mmoja barazani anayekunywa kahawa ananitazama kwa mara ya tatu. Nikawaonyesha samaki. Nikasema samaki ni riziki, na hapo sikuwa naongopa, kwa sababu mama yule akafungua pochi akanipa noti ya dola tano.

Yule mzee akanywa funda, akasema bila kunyanyua kichwa: "Mwanangu, duka la vikoi ni hilo nyuma yako."

Dola tano zilichukuliwa na mama watoto kabla sijamaliza kueleza. Jioni Forodhani zikageuka urojo na mishkaki.

Hapohapo Forodhani kuna Nyumba ya Maajabu, Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, nyumba ya kwanza Unguja kuwaka umeme. Mimi nimekuwa nikisema nitaiona, nitaiona. Desemba 25, 2020 upande wake mmoja ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na mimi nimekuja kuona uzio. Wanangu wakaniuliza baba maajabu yako wapi. Nikawaambia ni hayo, nyumba inaitwa ya maajabu na sisi tulidhani itatusubiri.

Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tuliteremka kwenye vile vyumba vya chini, mimi nimeinama, dari inagusa mgongo. Pale sikulalamika kitu. Mwanangu mdogo alinishika kidole na hakukiachia mpaka tulipotoka juani.

Ila kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko hilo, nikaonyeshwa nguzo. Ziko kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kuwa Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alikuwa amesafiri, mafundi wakazisimamisha kwa akili zao. Jamani! Mimi nilidhani fundi wangu aliyefunga mlango wa choo ukafungukia kwenye ndoo ameanza ufundi huo yeye. Kumbe ni ukoo. Karne ya 19 fundi akiachwa peke yake siku mbili, ukirudi unakuta ameshamaliza na anasubiri malipo. Na Steere alikuwa bingwa wa Kiswahili, aliandika sarufi yake na kukusanya hadithi za Waswahili. Nina hakika siku ile alipata misamiati ambayo haikuingia kwenye kitabu.

Haya. Makunduchi.

Niliposikia Mwaka Kogwa, nikafikiri kogwa ni kuoga. Nikabeba taulo, sabuni na kandambili. Sikukosea sana, wenyewe wanasema ndiyo asili ya jina, kukoga, kuuosha mwaka uliopita, kwa hesabu ya mwaka wa Kishirazi unaoangukia Julai. Lakini tulipofika uwanjani nikakuta watu elfu, na mimi sijui niiweke wapi sabuni yangu. Wanawake wamependeza kwa makanga, wanaimba nyimbo ambazo nikiuliza maana yake wanacheka na kuangalia pembeni. Wenyeji wanazungumza Kikae, lahaja yao ya Kiswahili. Mimi najiita Mswahili tangu utoto, pale nilikuwa mgeni kuliko yule Mtaliano, ambaye naye alikuwepo, na papasi wake.

Kanuni ya kwanza nilielewa haraka: nyumba isiyo na mgeni siku hiyo ni nuksi. Wifi yake mama watoto akanilisha wali wa nazi, pweza, ndizi, akanilisha tena, na nilipofunika mkono juu ya sahani akauliza kama nataka nuksi iingie nyumbani kwao.

Kanuni ya pili nilielewa uwanjani. Vijana wa upande wa Kusini wanapambana na wa Kaskazini kwa magomba, wanachapana kwelikweli, nia ni kumaliza vinyongo vya mwaka. Ukishachapana hudai tena. Nikasimama mbali, simu juu, narekodi. Mtu akanigusa bega. Shemeji, shati amevua, magomba mawili mkononi, anatabasamu. Akanipa moja.

"Shemeji, kama una lako moyoni, litoe leo."

Miaka mitatu. Joto la miaka mitatu, mbu wa miaka mitatu! Nikamkabidhi mwanangu simu, taulo nikalifunga kiunoni, nikamchapa la mgongo, paa! Gomba likakatika vipande viwili, nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu nioe. Nikageuka niondoke zangu. Akanichapa manne. Nikamuuliza haya manne ya nini, mimi nilikuwa na moja tu. Akasema na yeye alikuwa nayo, ila siku zote anashindwa kuanza.

Baadaye wakatia moto kibanda cha makuti, moshi ukapanda, watu wakashangilia mwaka mpya, na shemeji akanikumbatia. Kinyongo kwisha. Nilijisikia mwepesi, ingawa kukaa nilishindwa.

Usiku nikapewa chumba cha wageni. Joto. Nikawasha taa, na juu ya kimeza, kwenye kitambaa cha kufuma, feni yangu. Naijua. Ile shingo yake niliifunga mwenyewe kwa utepe mweusi wa umeme, na panga lake moja lina mkwaruzo wa kisu cha mama watoto. Imefutwa vumbi, imewekewa ua la plastiki pembeni. Nikaiwasha. Ikanigeukia, ikageuka kule, ikanigeukia tena. Na kinyongo nimeshakimaliza mchana, mbele ya mashahidi na kamera.

Mama watoto alikuwa macho. Akasema mwakani anataka Kilwa Kisiwani, akaone Husuni Kubwa na msikiti mkuu, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu.

Nikamwambia sawa, ila kwanza anitajie ni ndugu yake gani anaishi Kilwa, na ana kitu changu gani.