Nimelipwa Soda, na Chupa Zinadaiwa

Leo asubuhi, hata mswaki sijashika, mweka hazina wa kamati ya harusi ya Jumamosi iliyopita kanitumia ujumbe: "Kaka mpiga picha, habari za asubuhi. Kamati imekaa. Kwenye salio lako tumeona tukupunguzie na kreti 3 za soda zilizobaki. Chupa zirudi kesho saa tatu. Barikiwa."

Barikiwa!

Mimi ni mtu mzima, baba wa watoto wawili. Kwenye kadi yangu ya biashara nimeandika "Msanii wa Picha", kwa zile herufi za kulala, za heshima. Saa tano bajaji ikasimama mlangoni, dereva akateremsha kreti, akasema nauli elfu tano kaambiwa analipa mpokeaji. Nikalipa. Yaani mpaka saa tano asubuhi malipo yalikuwa yameanza kuingia, ila yalikuwa yanatokea mfukoni kwangu.

Tulikubaliana laki sita. Kianzio walitoa 250,000, ikabaki 350,000. Kreti tatu ni chupa 72, na kwa bei ya mangi wetu, 700 kwa chupa, ni 50,400. Bado nadai 299,600. Na katika hizo kreti, moja nzima ni toniki, ile soda chungu ambayo mtu huinywa kwa kukosea tu, akiwa kwenye maongezi.

Kinachoniuma zaidi, na mama Neema sijamwambia, ni kwamba soda hizi nilijiletea mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kikao cha kupanga harusi kilikuwa Jumapili moja kabla ya harusi yenyewe, kwenye baa moja Tabata, saa kumi jioni. Saa kumi na mbili tukaanza. Nilikuwa nimeitwa "kuja kujieleza", neno ambalo mimi nilijua ni la wezi wa kuku. Nimevaa shati la mikono mirefu, albamu kwapani, nimekaa pembeni nasubiri zamu. Ukumbi ukapita. Mapambo yakapita. MC akapita kwa milioni na nusu, hakuna aliyekohoa. Wakafika kwa ndafu.

Ndafu alijadiliwa dakika arobaini. Awe na ukubwa gani, achomwe na nani, aingie ukumbini na wimbo gani, mdomoni aume majani au karoti. Mbuzi yule alipewa heshima ambayo mimi hata ukweni sijawahi kuionja. Laki nne zikapita kwa makofi. Nikanyoosha shingo kuangalia ajenda kwenye daftari la kaunta. Chini ya ndafu imeandikwa "Mengineyo", na chini ya Mengineyo: sabuni ya chooni, tishu, mlinzi wa magari, mpiga picha.

Tishu walizimaliza haraka.

"Haya kijana, simama," akasema mwenyekiti, mzee mstaafu, miwani imeshuka puani. "Bei yako?"

"Shikamoo mzee. Laki nane."

Mama mmoja akauweka mshikaki chini. "Laki nane? Mbuzi laki nne, na analiwa na watu. Picha zinaliwa na nani?"

Nikaeleza kwa adabu. Kwamba mimi siji kubonyeza tu. Saa kumi na mbili asubuhi nipo saluni kwa bibi harusi, saa nane usiku ndio natafuta bodaboda ya kurudi nyumbani. Halafu wiki nzima nipo kwenye kompyuta, katika picha 2,000 nachagua 400, nasawazisha rangi, nafuta jasho la bwana harusi, naondoa mlango wa choo uliotokea nyuma ya wazazi. Nikaenda mbali zaidi, nikasema shata ya kamera yangu, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga kila nikibonyeza, watengenezaji waliipimia mibonyezo 150,000, ikivuka hapo inaweza kufa siku yoyote, na kila harusi inakula elfu mbili.

"Sasa nani kakutuma upige elfu mbili?" akasema mwenyekiti. "Harusi yangu, mwaka 1979, mpiga picha alikuja na mkanda mmoja. Picha 36. Na mke ninaye mpaka leo."

Makofi.

Hapo ndipo aliponyanyuka yule kijana. Kila kamati anaye. Mchango wake ni ahadi tu tangu kikao cha kwanza, lakini maswali hayamwishi. "Kupitia kwa mwenyekiti, naomba kumuuliza kaka. Kamera yako ina megapikseli ngapi?"

Kamera yangu ni Canon 5D Mark II, toleo la mwaka 2008, nimeinunua mtumba kwa mkopo wa kikundi. Sikudanganya. "Ishirini na moja," nikasema.

"Simu yangu 108." Akaigeuza, akaizungusha meza nzima waione mgongo. "Na ina kamera tatu. Ya kwake ina moja."

Jamani. Watu wazima kumi na nne wakahesabu matundu ya simu, kisha wakanigeukia kama fundi aliyekuja kujenga ghorofa na kijiko.

Ningekaa kimya. Ningesema "sawa mwenyekiti" nikaenda zangu. Lakini mtu ukishaitwa msanii una kiburi chako. Nikasema, "Mwenyekiti, megapikseli ni nukta za picha kwa mamilioni, na wingi wake sio hoja. Ndani ya kamera kuna sensa."

"Sensa?" akadakia mweka hazina. "Si tulishahesabiwa 2022?"

"Si hiyo mama. Hii ni kibao kinachopokea mwanga. Cha kwangu ni milimita 36 kwa 24. Cha simu ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, na humo ndimo wamebanana hao 108. Chukulia mwanga ni mvua. Uweke nje mabeseni 21, na pembeni yake vizibo 108 vya soda. Ikinyesha, kipi kitakuwa na..."

"Soda!" Mwenyekiti kapiga meza. "Huyu kijana katukumbusha jambo. Mama, soda tuliandika kreti ngapi?"

"Kumi na mbili, mwenyekiti."

"Haziwezi kutosha! Ziwe kumi na tano."

Makofi tena. Mimi bado nimesimama, mvua yangu ya mfano inanyesha peke yake. Kreti tatu za nyongeza ndizo hizi zilizopo sebuleni kwangu leo. Bei yangu ikashuka mpaka laki sita, ili kufidia soda. Na ndafu, nikaambiwa, nitampiga bure.

Siku ya harusi sina la kusimulia, nanyi mnazijua. Wakati wa pete simu zimenyanyuka kama shamba la mihogo, na kwenye picha yangu ya kiapo kilichoonekana vizuri ni kiwiko cha yule kijana wa 108. Saa mbili usiku simu yake ikajaa, akanifuata: "Kaka, utanirushia zile za pete." Chakula: "Watu wa kamera mtakula mwishoni." Mwishoni palikuwa na wali wa ukoko na mifupa ya mheshimiwa. Na katika picha zote 400, iliyoombwa na watu wengi ni ya ndafu. Mweka hazina mwenyewe ndiyo aliyoiweka kwenye wasifu wake wa WhatsApp. Nikimpigia kudai salio, ananitazama mbuzi na karoti yake.

Saluni iliyomremba bibi harusi nayo imeshabandika picha yangu kwenye bango lao la nje. Jina langu wamelikata, wameweka namba zao za simu. Nikaenda kwa utaratibu, nikawaambia kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, na picha zimo. Dada akaniuliza kama nataka kunyoa.

Halafu unaenda ukweni unaulizwa unafanya kazi gani. "Napiga picha, baba." "Sawa. Na kazi?" Siku moja nikachoka, nikamtajia mzee mpiga picha mmoja, Mohamed Amin. Nikamwambia mtu huyu kazaliwa Nairobi, kakulia hapa hapa Dar, kamera yake ya kwanza alikuwa bado mtoto wa shule, tena ya mtumba. Mwaka 1984 kapiga njaa ya Ethiopia, dunia nzima ikasimama, misaada ikamiminika. Mwaka 1991 ghala la silaha likalipuka Addis Ababa, akapoteza mkono, akawekewa wa bandia, akarudi kazini! Mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, akasema, "Huyo alikuwa anafanya kazi. Wewe unapiga keki."

Na kweli napiga keki. Keki hainiombi nimpunguze kitambi. Keki haijawahi kuniambia nimfungue macho kwenye picha aliyofumba mwenyewe.

Tuache hayo. Habari kubwa sasa hivi ni chupa. Chupa za watu ni 72, kesho saa tatu gari la jumla linazifuata, ikipungua moja nalipa mimi. Maana yake familia ya watu wanne inatakiwa inywe soda 72 kabla ya kulala. Hela ndiyo haipo, lakini haraka ya kuimaliza ipo. Nikajaribu kumuuzia mangi, akasema yeye anachukua moja kwa moja kwenye gari. Baba mwenye nyumba kapita kuulizia kodi, nikamkaribisha toniki mbili. Kanywa moja, akakunja uso, akaiulizia kodi kwa sauti ya juu zaidi.

Nikaita majirani. Nyumba nzima ya wapangaji imekuja, na watu ambao sijawahi kuwaona. Jirani wa chumba cha mbele anauliza hakuna za baridi? Za baridi, na umeme umekatika tangu adhuhuri! Kifungulio hakuna, wanafungulia kwenye bawaba ya mlango wangu, mlango sasa haufungi. Neema kanywa tano, analia tumbo. Toniki tumemwagia mchicha. Kama utakufa tutajua kesho.

Sasa ni saa tatu usiku. Nimehesabu chupa mara nne. Ziko 71.

Mama Neema anasema kamwona mtoto wa jirani anapita na chupa ya mafuta ya taa. Mtoto anasema ile ni yao ya siku nyingi. Mama yake kajibu kwa ukali kwamba sisi tunawaita watu wanywe halafu tunawapekua. Simu yangu imezima chaji, tochi ya ndani betri zimevuja. Nimechukua flashi ya kamera, ile ya laki mbili na nusu, nimelala kifudifudi uvunguni mwa kitanda cha jirani, nabonyeza, namulika. Pwaa! Kandambili moja. Pwaa! Ndoo, na panya ananiangalia.

"Baba Neema, umeiona?"

"Bado. Hebu nisogezee hilo begi."

"Na wewe unampiga picha nani huko chini?" anauliza mwenye chumba.