Waliofunga utepe kwenye mlango wa hoteli wamekosea mlango

Julai 2024 maelfu ya wakazi wa Barcelona waliingia barabarani kupinga utalii uliokithiri. Picha iliyozunguka dunia ni ya bastola za plastiki: waandamanaji wakiwarushia maji watalii waliokuwa wakila nje ya migahawa. Tukio la pili lilipita bila kelele nyingi. Baadhi ya waandamanaji walifika kwenye hoteli za katikati ya mji na kuzungusha utepe milangoni, kama polisi wanavyofunga eneo la uhalifu.

Hasira yao ina sababu. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, meya wa jiji, Jaume Collboni, alikuwa ametangaza kwamba pango limepanda kwa asilimia 68 ndani ya miaka kumi. Kijana anayeanza kazi anashindwa kupanga hata chumba karibu na alikozaliwa, na kila asubuhi anapishana na masanduku ya magurudumu kwenye ngazi za kwao. Nani asingekasirika? Ugomvi wangu ni mahali utepe ulipofungwa.

Hoteli ya kifahari ina bahati mbaya ya kuonekana. Imesimama kwenye barabara kuu, bawabu amevaa glavu, teksi zimepanga foleni, bendera zinapepea juu ya mlango. Anayetafuta sura ya utalii uliomhamisha mtaani anaikuta hapo. Nyumba ya ghorofa ya tatu iliyogeuzwa malazi ya watalii haina bendera. Utaitambua kwa kisanduku cha funguo kilichofungwa kwenye nondo za dirisha, chenye namba nne za siri, na kwa kengele ya mlango ambayo jina la familia limebanduliwa.

Wanaozilaumu hoteli hizi wana hoja, na baadhi zina uzito. Hoteli inachukua ardhi ambayo ingejengwa nyumba. Duka la viatu lililo jirani yake linageuka duka la zawadi, kwa sababu mgeni wa siku tatu hahitaji fundi wa viatu. Mgeni mwenyewe analala katika chumba ambacho angekikuta vilevile katika jiji lolote, anatoka nje na kukutana na watalii wenzake, kisha anarudi kwao akidai ameuona mji. Na bei ndiyo usiseme. Kwa hiyo ushauri unaotolewa kila kona kwa msafiri mwenye dhamira njema ni huu: kwepa hoteli ya katikati, panga nyumba kwenye mtaa wa kawaida, uishi kama mwenyeji.

Ushauri huo una nia nzuri, lakini ndio uliowaumiza wenyeji wenyewe. Tupige hesabu. Hoteli ya vyumba 400 ikijaa, na kila chumba kina watu wawili, inalaza wageni 800 kwenye kiwanja kimoja. Wageni hao wakitaka kuishi kama wenyeji, wanne kwa kila nyumba, zinahitajika nyumba 200. Na nyumba hizo 200 hazipatikani mahali pamoja. Zimesambaa kwenye ngazi za majengo 70 hadi 100, mbili hapa, tatu pale, na kila ngazi ina mzee anayeamshwa saa nane za usiku na mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake. Wageni ni walewale 800. Kilichobadilika ni nani wanalala naye ukuta kwa ukuta.

Collboni alipotangaza, Juni 2024, kwamba leseni za nyumba zote za watalii hazitahuishwa zitakapoisha Novemba 2028, alitaja idadi yake: nyumba 10,101. Wamiliki walijibu haraka. Walisema nyumba hizo ni tone katika jiji lenye watu wapatao milioni 1.7, kwamba meya anawanyang'anya mali, na kwamba pango halitashuka hata senti. Ukizigawa kwa nyumba zote za jiji, ni kweli utapata kama moja tu katika kila 100.

Hiyo moja katika 100 inatajwa sana, na kwangu inapotosha. Bei ya pango haipangwi na nyumba zote 100. Nyingi zina watu ndani yake na hawahami kesho. Bei inapangwa na zile chache zilizo wazi mwezi huu, ambazo watu 30 wanaenda kuziangalia siku moja. Nyumba inayokodishwa kwa usiku imetolewa kwenye kapu hilo dogo, wala haikutolewa kwenye lile kubwa. Isitoshe, hazikutawanyika sawasawa: sehemu kubwa iko Eixample, katikati ya mji, kwenye mitaa ambayo mtu anaweza kwenda kazini kwa miguu. Nyumba hizo zikirudi kwa wakazi, tuseme watu wawili na nusu kwa kila moja, zinapata makao watu 25,000. Wafungie hoteli zote za kifahari za Barcelona, ugawe vyumba vyake kwa wananchi, na bado hutapata jiko hata moja la kupikia mtoto chakula.

Lakini mbona Barcelona ilikwishazibana hoteli tangu mapema? Mwaka 2015 Ada Colau alipochukua umeya alisimamisha leseni za malazi mapya ya watalii, na mpango wa 2017 ukazuia hoteli mpya katikati ya jiji. Matokeo yake yanaonekana pale barabara ya Passeig de Gràcia inapokutana na ile ya Diagonal. Kulikuwa na jengo la Deutsche Bank ambalo wanunuzi wake walitaka kuligeuza hoteli ya Four Seasons. Zuio likawakuta. Je, jengo likawa nyumba za walimu na wauguzi? Lilikuja kuwa makazi ya anasa yenye jina la kampuni ya hoteli za kifahari, Mandarin Oriental, nyumba thelathini na kitu kwa jengo zima, za watu ambao wengi wao wana nyumba nyingine mahali pengine.

New York ilikwishayaona hayo. Hoteli ya Waldorf Astoria ya Park Avenue, iliyofunguliwa 1931, ilifungwa 2017 ikiwa na vyumba zaidi ya 1,400. Ilipofunguliwa tena 2025 ilikuwa na vyumba 375. Sehemu kubwa iliyobaki imekuwa nyumba za kuuza kwa matajiri. Wapo watakaosema heri, watalii wamepungua. Mimi naona kwamba jengo lililokuwa likihitaji mamia kwa mamia ya watu wa kutandika, kupika, kufua na kubeba mizigo sasa linahitaji wachache sana. Hoteli ya hadhi ya juu mara nyingi huajiri karibu mtu mmoja kwa kila chumba. Nyumba ya tajiri inayofunguliwa wiki tatu kwa mwaka inahitaji mlinzi na mtu wa kumwagilia maua.

New York hiyohiyo inanipa pia hoja inayonisumbua zaidi. Septemba 2023 jiji lilianza kutekeleza sheria inayoitwa Local Law 18: anayetaka kupangisha nyumba yake kwa chini ya siku 30 sharti ajisajili, awepo mwenyewe ndani, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Maelfu ya matangazo ya nyumba hizo mitandaoni yalifutika. Wenye hoteli walikuwa miongoni mwa waliolilia sheria hiyo, na hawakulilia kwa sababu ya upendo kwa wapangaji. Mwaka 2024 wastani wa chumba cha hoteli jijini humo ulizidi dola 300 kwa usiku. Mwenye watoto watatu, aliyezoea nyumba yenye jiko na mashine ya kufulia, leo anatakiwa alipie vyumba viwili. Wakati huohuo pango la wenyeji halikuporomoka kama walivyoahidiwa. Wakosoaji wanasema jiji limewapa hoteli soko bila wapangaji kupata chochote, na kwa upande wa wageni wa kipato cha kati siwezi kuwabishia.

Hata hivyo fedha hiyo inakwenda wapi? Chukua chumba cha dola 500 huko Manhattan. Kodi zake ni asilimia 14.75, yaani dola 73.75, na juu yake kuna dola 3.50 za kila usiku. Jumla ni dola 77.25 kwa usiku mmoja, zinazokatwa mapokezi kabla mgeni hajapewa risiti, na sehemu yake kubwa inaingia kwenye mfuko wa jiji. Hakuna afisa anayehitaji kupekua mitandao kutafuta nani alilala wapi. Hoteli ina kitabu cha wageni, ina mhasibu, na mkaguzi anajua ilipo. Sifa hiyo haipendezi kuandikwa kwenye kipeperushi cha utalii, lakini mji unaotaka kulipia uzoaji taka wa barabara zilizojaa wageni unaihitaji kuliko tabasamu la bawabu.

Kwenye risiti hiyohiyo ndipo hoteli zinapojiharibia. Chini ya bei ya chumba kuna mstari unaoitwa ada ya eneo au ada ya huduma, mara nyingi dola 30 hadi 50 kwa usiku, inayodaiwa kulipia intaneti, chupa mbili za maji na ukumbi wa mazoezi ambao mgeni hakuukanyaga. Kwa miaka mingi ada hiyo ilijitokeza mwisho wa safari ya kuweka nafasi, mtu akiwa amekwishachoka kulinganisha. Hoteli za ufukweni zilikuwa na kisingizio cha miavuli na mataulo. Hoteli ya katikati ya jiji inakutoza kwa sababu iko katikati ya jiji, jambo ambalo bei ya chumba ilikwishalitoza. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliyoanza kazi Mei 12, 2025, inataka bei yote ionekane tangu mwanzo. Ada zenyewe hazikupigwa marufuku. Kwa hili sina utetezi: ni ulaghai wa watu waliovaa suti.

Upande wa kazi ndio watu wa nje hawauoni vizuri. Mhudumu wa vyumba anasukuma toroli lenye shuka, taulo, sabuni na ndoo kwenye zulia nene ambalo mgeni analisifu na magurudumu yanalichukia. Godoro la kifahari ni zito. Analinyanyua kona moja baada ya nyingine kuingiza shuka, mara nne kwa kitanda, vyumba kumi na kadhaa kwa zamu. Mgeni akikataa usafi wa kila siku kwa nia ya kulinda mazingira, siku ya tatu chumba kina taka za siku tatu na dakika za kukisafisha ni zilezile. Mabega na kiuno ndivyo vinavyolipa.

Watu hao walisimama Septemba 2024. Wanachama wapatao 10,000 wa UNITE HERE, chama cha wafanyakazi wa hoteli, waligoma katika miji kadhaa ya Marekani, wakidai mishahara, bima, na kurudishwa kwa usafi wa kila siku uliopunguzwa wakati wa UVIKO-19. San Francisco walikaa nje mpaka mkesha wa Krismasi. Mtu anaweza kuusoma mgomo huo kama ushahidi kwamba hoteli hizo zinanyonya, na hatakuwa amekosea. Mimi nausoma pia kwa upande mwingine: waligoma kwa sababu walikuwa na mahali pa kugomea. Kulikuwa na mlango wa kusimama na mabango, mwajiri mwenye jina, na wageni waliopishana nao na kusikia ngoma zao asubuhi. Anayesafisha nyumba tano za watalii kwenye mitaa mitano, akitumiwa namba ya kisanduku cha funguo kwa ujumbe wa simu, atagomea wapi? Atapiga ngoma kwenye ngazi ya nani?

New York ilizidi kukaza kamba Novemba 2024 kwa sheria mpya ya usalama wa hoteli: kila hoteli iwe na leseni, wafanyakazi wapewe vitufe vya dharura, na zenye vyumba 100 au zaidi ziwaajiri moja kwa moja watu wa mapokezi na usafi badala ya kuwapitisha kwa mawakala. Wenye hoteli walinung'unika. Waache wanung'unike, mradi sheria ina mtu wa kumshika.

Venice, mji unaojua kuliko wengine kuelemewa na wageni, umekwisha kuamua ni mgeni yupi anaulemea zaidi. Wakazi wa kisiwa chake cha kale walikuwa kama 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Aprili 2024 mji ulianza kutoza, kwa siku maalumu, euro 5 kwa anayekuja mchana na kuondoka jioni, na mwaka uliofuata aliyechelewa kujiandikisha alitozwa 10. Anayelala mjini amesamehewa, kwa kuwa malazi yake tayari yanatozwa kodi ya wageni. Kasoro ya Venice ni kutotofautisha anayelala hotelini na anayelala katika nyumba iliyowahi kuwa ya mkazi.

Barcelona haitaweza kukwepa tofauti hiyo. Novemba 2028 ikifika, leseni 10,101 zikifa na zuio la hoteli mpya katikati likiendelea, wageni watafanya moja kati ya mambo mawili. Ama watagombea vyumba vilivyopo na bei itaruka kama ya New York, ama watalala miji ya jirani na kuingia kwa treni asubuhi, wakiacha mkojo na makopo bila kuacha kodi ya malazi. Ningechagua la kwanza. Wageni wachache zaidi, wanaolipa zaidi, mahali ambapo jiji linaweza kupandisha kodi likitaka na mhudumu anaweza kugoma akionewa. Ningeruhusu pia hoteli katika majengo ya ofisi yaliyoachwa wazi, kwa sharti kwamba hakuna mpangaji anayehamishwa, na kwamba ada ile ya chupa mbili za maji ifutwe kabla leseni haijatolewa.