Nano Iko Nyuma ya Nyumba

Likizo iliyopita mpwa wangu wa kidato cha tatu alinijia hapa Chumbageni, mjini Tanga, daftari la kemia mkononi. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Mjomba, hivi nanometa ni nini hasa?" Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi zamani: gawa mita moja mara bilioni, kila kipande ni nanometa moja, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya vipande hivyo. Aliandika yote, akanishukuru kwa adabu, na usoni mwake nikasoma kwamba sikumfundisha kitu.

Kosa langu ndilo ninaloliona katika maelezo mengi ya sayansi ya nano, yaani ya vitu vidogo mno: tunakimbilia kulinganisha. Tunasema nanometa kwa mita ni kama gololi kwa dunia, na msikilizaji, ambaye dunia nzima hajapata kuiona kwa macho yake, anabaki na mafumbo mawili badala ya moja. Kwa maoni yangu, mfano wa nyumbani hufaa pale tu unapokuwa ndicho kitu chenyewe, kikifanya kazi yake mbele yetu.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na nusu ya somo imo humo. Tone ambalo sisi tunalifuta kwa kidole, chungu akinaswa ndani yake huenda asitoke, kwa sababu kwa mdudu wa umbo lile mvutano wa uso wa maji, yaani ule uso kujikaza kama ngozi nyembamba, una nguvu kuliko miguu yake. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni ukubwa wa anayekutana nayo. Sayansi ya nano huchunguza vitu vidogo zaidi, hasa vya kati ya nanometa 1 na 100, ambako maada tuliyoizoea huanza kuonyesha tabia nyingine. Dhahabu yenyewe, ikiwa katika chembe za nanometa 20 hivi zilizotawanyika majini, huonekana nyekundu, na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliyachunguza mambo hayo London miaka ya 1850. Lakini dhahabu ya kuchezea hatuna, magimbi tunayo.

Nilimpeleka mpwa wangu bondeni nyuma ya nyumba, yaliko magimbi tunayoyangojea kwa futari, nikamwambia amwagie maji jani moja. Maji hayakutanda. Yalijikusanya yakawa shanga, yakabingirika hadi katikati ya jani huku yakizoa vumbi njiani. Uso wa jani hilo umejaa vipele visivyoonekana kwa macho, na juu yake imetanda nta yenye umbile la vipimo vya nanometa, kiasi kwamba tone hukaa juu ya ncha tu na chini yake hunaswa hewa. Tulipolizamisha jani kwenye ndoo liling'aa kama fedha, kwa sababu ya hewa hiyo hiyo, na tulipolitoa lilikuwa kavu. Kisha nikamwambia asugue sehemu moja kwa kidole gumba. Pale aliposugua, tone lilinata na kutanda. Jani lilikuwa lile lile na rangi ile ile, ila umbile dogo la juu lilikuwa limevurugika.

Usiku tulipitisha mgongo wa kijiko juu ya moshi wa kibatari hadi ukawa mweusi ti, na tone la maji likakimbia juu ya masizi kama lilivyokimbia juu ya jani. Masizi ni chembe za kaboni, nyingi zikiwa na upana wa makumi ya nanometa. (Mama mwenye kijiko hakufurahi.)

Kemia nayo ina mlango wake hapa hapa. Kuta za magofu ya Tongoni zimeshikwa na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiungua sawasawa huacha kilo 56 tu, kwa kuwa kilo 44 zimeondoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi. Chokaa ikishatiwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa hiyo polepole na kuwa jiwe tena. Mwanafunzi akilijua hilo, mlinganyo ubaoni utakuwa ni muhtasari wa kitu anachokifahamu.

Hata hivyo tusiite kila kitu nano. Tui la nazi ni jeupe kwa sababu ya vitone vya mafuta vinavyotawanya mwanga, lakini vingi ni vikubwa mno kuitwa nano, na mwalimu anayesema vinginevyo ili darasa lifurahi anajenga juu ya mchanga.

Kesho yake mpwa wangu alirudi bondeni peke yake na maji ya sabuni. Alikuja kunieleza kwamba safari hii maji yalilishika jani, kisha akanyamaza kidogo, akasema babu yake wa Lushoto hutia sabuni kidogo kwenye bomba la dawa kabla ya kupulizia kabichi.

"Kumbe ndiyo maana," akasema.