Siku niliyompaka buluu mama mkwe wa mdogo wangu

Jamani nichekeni mapema tu ili tuendelee.

Mwaka juzi nilienda Tukuyu kumsalimia shangazi, nikakuta mlangoni kajichaka kake ka haidrenjia, yale maua yanayojikusanya kama kabichi, yana buluu yaani buluu kweli, nikapagawa. Nikaomba vipandikizi. Shangazi akakata vijiti vya urefu wa kama kiganja, kila kimoja na vifundo viwili vitatu, akanyonyoa majani ya chini, ya juu akayakata nusu yasikaushe kijiti, akafunga kwenye gazeti bichi. "Kavipande kivulini, jua la asubuhi tu, na maji usivinyime." Ndaga fijo shangazi, yaani asante sana, huyo nikadandia kosta ya Uyole, na mama mmoja wa parachichi akavikalia kuanzia Kiwira mpaka tunashuka. Vikapona vinne.

Sasa nyumbani kwangu kila kitu kinapewa majivu. Mchicha majivu, mgomba majivu, choo majivu. Nikayapa na maua, tena kwa mapenzi, kila Jumamosi ndoo nzima ya jikoni. Yakanawiri bana, majani kama sahani! Saa saba mchana yanalegea kama mlevi, jioni ukimwagia maji yamesimama, nikaanza kujiona bwana shamba. Mwezi wa nane nikashika mkasi niyapunguze, waifu akaninyang'anya, maana shangazi alishamwambia haya yanachanua kwenye tawi la mwaka jana, ukikata hovyo umekata na maua yenyewe.

Mdogo wangu akapata mchumba, sendofu ikawekwa Desemba, kamati ikachagua royo bluu. Nikasimama kikaoni nikasema maua niachieni mimi. Makofi. Hela ya maua ikahamishiwa kwenye soda. Na hapo hakuna hata ua moja lililokuwa limechanua.

Novemba yakafunguka. Pinki! Pinki ya pipi ya kijiti.

Jirani mmoja akanishauri nifukie misumari ya kutu, nikafukia karibu kilo nzima, faida yake ilikuwa pancha ya bajaji. Ndo nikamfuata mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, akacheka kwanza mpaka akakohoa. Kumbe rangi inatoka kwenye udongo. Udongo ukiwa na asidi, yaani kile kipimo cha asidi, pH, kiko chini ya 5.5 hivi, aluminiamu inaachia, mmea unaivuta, ua linakuwa buluu, na huko Rungwe kwa shangazi, kwenye mashamba ya chai, udongo ndo wa hivyo. Majivu yanaua asidi, aluminiamu inakwama humohumo, unaletewa pinki. Misumari ni chuma, haihusiki kabisa. Nikamuuliza, mzee, kwa wiki mbili yanaweza kurudi? Akasema jaribu msimu ujao.

Msimu ujao mdogo wangu si atakuwa ananyonyesha!

Basi nikaenda dukani nikanunua ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, pakiti nane, nikakoroga kwenye beseni, na usiku wa kuamkia sherehe nikachovya ua mojamoja kichwa chini kama nabatiza. Asubuhi yalikuwa buluu, ukisimama mbali.

Ukumbini joto na taa, yakaanza kulegea. Mimi niko kwenye foleni ya chakula namuona shangazi anayaangalia kwa huruma, na shangazi anajua haidrenjia inakunywa maji hadi kupitia kwenye ua, ikilegea unaizamisha yote inaamka. Sahani nikaitupa lakini nilichelewa. Alizamisha shada zima kwenye ndoo, akalikung'uta mara moja tu, akampa mdogo wangu, naye akamkabidhi mama mkwe. Yule mama kavaa gauni jeupe pee. Akalikumbatia, tena kwa muda mrefu, maana emsii alikuwa anapiga kelele "tulieni hapohapo, picha, picha!"

Alipoliachia, kifuani kulikuwa na ziwa Nyasa lote, kuanzia Kyela mpaka Mbamba Bay.

Ukumbi kimya. Emsii akajitahidi, "Ndugu wageni waalikwa, mama naye ameingia kwenye sare!" Shangazi akanusa vidole, akaniangalia. "Baba, hii si ya kufulia?"

Januari yule mama akanitumia meseji, nikaifungua mkono unatetemeka. Kaandika: "Mwanangu, naomba kipandikizi cha lile ua. Nimesikia kwako ni la pinki. Usilipake kitu."