Jehanamu haikuwa jalala, jamani

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mhubiri anaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba jehanamu lilikuwa dampo la Yerusalemu, taka zinatupwa pale, mizoga, moto unawaka usiku na mchana, ndo maana Yesu akalitolea mfano. Chini watu wamejaza amina. Hii hadithi naisikia toka niko darasa la kipaimara na imenichosha.

Hakuna mtu wa zama za Yesu aliyeandika hivyo. Hilo jalala la moto linakuja kwa rabi David Kimhi, kusini mwa Ufaransa huko, miaka ya 1200 hivi, zaidi ya miaka elfu moja baadaye! Haya, jalala la zama za Warumi limefukuliwa kweli Yerusalemu, nakubali, ila lipo upande wa bonde la Kidroni, mashariki, sio kwenye bonde lililotoa jina la jehanamu. Na Lango la Jaa, lile lango la ukuta wa Yerusalemu kwenye kitabu cha Nehemia, najua mtaniletea, lakini Nehemia hasemi popote habari za moto usiozimika.

Neno lenyewe ni la Kiebrania, Ge-Hinnom, bonde la Hinomu, na sehemu nyingine linaandikwa bonde la mwana wa Hinomu. Kwenye Yoshua 15 ni mpaka tu wa Yuda na Benyamini, bonde kama mabonde mengine. Waaramu wakatamka Gehinnam, kwa Kigiriki ikawa geenna ile m ya mwisho ikaanguka, Kiarabu kina jahannam, na sisi tulilipata huko kwa Waarabu kupitia pwani ndo maana m yetu ipo mpaka leo.

Sasa bonde la mpakani liligeukaje kuwa jina la adhabu? Watoto. Mle bondeni kulikuwa na mahali panaitwa Tofethi, wazazi wanapeleka watoto wao wa kuwazaa wanawapitisha motoni kwa mungu wa kipagani Moleki. Mfalme Ahazi alifanya, Manase akafanya, someni 2 Nyakati 28 na 33. Mfalme Yosia alipokuja akapanajisi pale makusudi ili mtu asirudie tena. Na kwenye Yeremia 7 Mungu anasema jambo hilo hakuliagiza wala halikumwingia moyoni, na kwamba bonde litaitwa Bonde la Machinjo. Mtu anayasoma haya halafu anasimama madhabahuni kuniambia habari za takataka! Wale watoto walikuwa na mama zao, walilia mle bondeni, na jina hili limebaki duniani kwa sababu yao, sisi tumewafunika na mizoga ya mbwa tuliyoitunga wenyewe.

Na angalia Yesu analitaja wapi. Agano Jipya lina geenna mara 12, 11 ni za Yesu mwenyewe, moja ya Yakobo kuhusu ulimi. Mathayo 18 anaanza na mtoto mdogo kasimamishwa katikati yao, anasema atakayemkosesha mmoja wa wadogo hawa ni heri afungwe jiwe la kusagia atoswe baharini, na mistari mitatu tu mbele, jehanamu ya moto. Wayahudi waliokuwa wanamsikiliza walimjua Yeremia, ukiwatajia bonde la Hinomu na mtoto yuko pale mbele yao wanaelewa.

Halafu mwaka 1979 kwenye makaburi ya kale ya Ketef Hinnom, juu ya bonde hilohilo, timu ya Gabriel Barkay ilikuta vibati viwili vyembamba vya madini ya fedha vimeviringishwa vidogo kabisa, vya kuvaa shingoni kama hirizi. Kuvikunjua bila kuvivunja ilichukua miaka. Ndani kuna ile baraka ya Hesabu 6, Bwana akubarikie na kukulinda, na ni vya karibu na siku za Yeremia, hatuna maandishi ya Biblia ya zamani kuliko hayo. Hii mbona haihubiriwi?

Kinachoniuma zaidi ni Sande skuli. Mtoto wa miaka sita kavuta nywele za mwenzie, mwalimu anamwambia utaenda jehanamu utaungua. Walimu wangu nawaheshimu, mnajitolea bila hata nauli, lakini nawaomba sana hilo neno msimtishie nalo mtoto. Mwambieni aombe msamaha kwa mwenzie, arudi kukaa, somo liendelee.