Nani Atamchangia Mtafiti?

Kuchangia tunajua. Harusi ikitangazwa kadi zinatembea hadi kwa watu wasiomjua bwana harusi, na mgonjwa akitakiwa kupelekwa India, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo. Ila mtafiti wa maabara sijawahi kuona akichangiwa, na historia ya Donald Metcalf ndiyo inayonifanya nione hilo ni kasoro.

Metcalf alikuwa daktari wa Australia. Mwaka 1954 aliingia Taasisi ya Walter and Eliza Hall, Melbourne, akilipwa na Baraza la Saratani la jimbo la Victoria, chombo kinachoendeshwa kwa michango na wasia wa wananchi. Bosi wake, Macfarlane Burnet, hakuwa na imani na utafiti wa saratani, akamweka kwanza kwenye virusi. Wale wachangiaji hawakuondoka. Waliendelea naye kwa zaidi ya nusu karne.

Swali lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1960. Mwenzake Ray Bradley alitaka kuotesha seli za saratani ya panya kwenye ageri, rojo la maabara la kuoteshea seli. Zilizoota zikawa seli za kawaida za uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kila moja ikizaa kishada chake. Lakini hazikuota hivihivi. Kulikuwa na kitu kinachoziamuru. Fikiria kwamba mwili hutengeneza chembe nyekundu takribani milioni 2 kila sekunde, na chembe nyeupe kwa kadiri ya maambukizi yaliyopo. Nani anatoa amri hizo?

Kumpata mtoa amri kulimeza karibu miaka 20. Vitu vyenyewe, vichochezi vya vishada, vimo mwilini kwa kiasi kidogo mno. Timu ilivichuja kutoka kwenye tishu za panya, huku Metcalf akihesabu vishada kwa macho yake kwenye hadubini siku nenda rudi. Vilipatikana vinne.

Namna vinavyofanya kazi ndiyo sehemu ninayoipenda. Kichochezi hakiingii ndani ya seli. Kinashika kipokezi kilicho juu ya ngozi yake, na huko ndani protini moja inaiamsha nyingine mpaka habari ifike kwenye kiini, jeni zifunguliwe. Mwaka 1997 kundi la David Hilton, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Metcalf, likaeleza protini zinazoizima amri hiyo ikishatekelezwa. Ikikosa wa kuizima, seli huzaana ovyo, na baadhi ya magonjwa ya damu huanzia hapohapo.

Mwaka 1991 Marekani iliidhinisha kimoja cha vichochezi hivyo, G-CSF, kwa wagonjwa ambao dawa za saratani zimewamalizia chembe nyeupe. Mamilioni wameshachomwa sindano hiyo. Tena huzitoa seli shina, zile zinazozaa chembe zote za damu, kwenye uloto na kuziingiza kwenye damu, zikakusanywa kupitia mshipa bila kutoboa mfupa wa nyonga. Kwa hiyo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipoanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, iliingia kwenye taaluma ambayo kazi ya Metcalf imeijenga kwa sehemu kubwa.

Najua jibu: sisi tuna shida za leo, watafiti wa kukaa miaka hamsini ni anasa ya matajiri. Sikubali. Maswali ya damu yetu yako kwetu. Profesa Julie Makani na wenzake pale Muhimbili wamefuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, wakichunguza pia himoglobini ya utotoni, protini ya damu anayozaliwa nayo mtoto, ambayo kwa wengine hubaki kwa wingi na kuupunguza makali ugonjwa. Ni kazi inayohitaji miaka mingi, na fedha zake nyingi zimetoka Wellcome Trust, shirika la hisani la London. Mfadhili wa mbali akibadili vipaumbele, swali linabaki njiani.

Kweli, kwa kila Metcalf wapo watakaokula mshahara wa miaka mingi wasituletee kitu. Hasara hiyo naikubali. Ningependa kuona mkoa mmoja tu, au hata chama kimoja cha ushirika chenye fedha, kikimlipa mtafiti mmoja wa damu kwa miaka 20, bila kumdai ripoti ya mafanikio kila baada ya miezi sita. Mimi kadi yangu ya mchango nitaichukua.